Fremu ya Baisikeli: Ya Mabomba Yaliyoungwa na Ya Kipande Kimoja

Mwalimu mmoja wa shule ya shamba ametuletea swali, nasi twaona yafaa tulijibu hapa ili na wengine wapate faida. Asema kwamba ameweka akiba ya fedha ya mavuno mawili ili anunue baisikeli. Shule yake iko mbali na nyumba yake mwendo wa kilometa 12, na kila Jumamosi hupeleka mahindi mashineni na kuteka maji kisimani. Amekwisha kuonyeshwa baisikeli mbili. Ya kwanza ni nyeusi, nzito, ya chuma, ya namna ile waliyopanda babu zetu. Ya pili imetoka katika mitumba ya Ulaya. Ni nyepesi ajabu, na fremu yake haionyeshi kiungo popote. Mwuzaji amemwambia, "Hii ni kipande kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Kisicho na kiungo hakina mahali pa kukatika." Bei za zote mbili zalingana. Mwalimu auliza, je, maneno ya mwuzaji ni kweli?

Swali hili ni jema, wala si la mwalimu huyu peke yake. Fremu ndiyo mifupa ya baisikeli. Mnyororo ukikatika waungwa, na tairi likitoboka latiwa kiraka. Lakini fremu ikikatika mteremkoni, kipoteacho si fedha tu, hata meno na mifupa ya mpanda yaweza kupotea. Basi kwanza tujifunze jinsi namna hizi mbili zinavyotengenezwa, kisha tutamrudia mwalimu wetu na jibu lake.

FREMU YA MABOMBA YALIYOUNGWA

Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry katika Uingereza, alitoa baisikeli iliyoitwa Rover. Kabla yake watu walipanda baisikeli yenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na mpanda alikaa juu sana. Akianguka, huanguka kwa kichwa. Rover ilikuwa na magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Miaka michache baadaye umbo la fremu likatulia, likawa lile tulijualo hata leo, yaani pembe tatu mbili zilizopeana mgongo, na mgongo wenyewe ni bomba lishukalo kutoka kitini hata penye pedali.

Kwa nini pembe tatu? Mwalimu na achukue vijiti vitatu, avifunge kwa kamba ncha kwa ncha, kisha awape watoto wavisukume. Havitageuka umbo. Halafu na afunge vijiti vinne kwa namna ile ile. Mara vitalala upande. Ndiyo sababu maseremala hufanya kenchi za paa kwa pembe tatu. Katika fremu ya namna hii kila bomba lina kazi yake: moja lasukumwa, jingine lavutwa, na uzito wa mpanda hugawanyika baina yao kama kazi ya shamba igawanywavyo baina ya ndugu.

SIRI YA KIUNGO

Watu wengi hudhani kwamba kiungo ni mahali padhaifu. Tutazame kinavyofanywa, tupate kuona kama ni kweli.

Katika baisikeli nyingi za zamani, ncha za mabomba huingizwa katika kipande cha chuma chenye matundu, mfano wa soketi ya bomba la maji. Kati ya bomba na soketi huachwa nafasi nyembamba sana. Fundi hupaka unga uitwao boraksi uliochanganywa na maji, ili chuma kisifanye kutu ya moto, kisha hupasha moto mpaka chuma kiwe chekundu, ndipo hugusisha shaba ya njano. Shaba hiyo huyeyuka karibu na digrii 900, hali chuma hakiyeyuki mpaka moto ufike karibu na digrii 1500. Kwa hiyo shaba yawa maji, na chuma chabaki kizima. Shaba iliyoyeyuka huvutwa yenyewe ndani ya ile nafasi nyembamba, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, ikaenea pande zote. Ikipoa, bomba na soketi vimeshikana kabisa.

Basi angalieni: mahali pa kiungo pana bomba, na shaba, na soketi juu yake. Ni mahali panene kuliko pote. Tena mafundi walifanya zaidi. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa mji wa Birmingham alipata hati ya serikali ya kulinda ufundi wake wa mabomba ambayo kuta zake ni nene nchani na nyembamba katikati, ili nguvu iwe pale inapotakiwa na uzito upungue pale usipotakiwa. Fremu nzuri ya chuma ikikatika, mara nyingi haikatiki ndani ya kiungo, bali kando yake, pale unene unapokwisha ghafula.

Siku hizi fremu nyingi hazina soketi. Mabomba huchomelewa ncha kwa ncha kwa moto wa umeme, na mahali pa kuungia huonekana kovu kama mshono wa jeraha. Hizo nazo ni fremu za mabomba yaliyoungwa. Hazikugeuka kuwa kipande kimoja kwa kukosa soketi.

Faida kubwa ya fremu ya mabomba ni hii: kilichoungwa chaweza kufunguliwa. Bomba moja likipinda au kupasuka, fundi aliye na moto wa kutosha huyeyusha shaba ya kiungo, akalitoa bomba baya na kutia jipya, na mengine hayaguswi. Watu wa pwani na wa maziwa watafahamu upesi. Dau hujengwa kwa mbao nyingi juu ya mataruma. Ubao mmoja ukioza, fundi huung'oa akatia mwingine, na dau laendelea kuvua. Lakini mtumbwi huchongwa katika gogo moja; hauna mshono wa kuvuja, lakini ukipasuka toka omo hata tezi, hapana ubao wa kung'oa.

FREMU YA KIPANDE KIMOJA

Namna ya pili ni mtumbwi wetu. Hapa hapana mabomba yaliyokatwa na kuungwa, bali mwili mmoja ulio wazi ndani, na nguvu yake yote iko katika ngozi yake ya nje. Wazungu huiita monokoki, maana yake ganda moja. Yai ni mfano mwema: halina nguzo ndani, wala kenchi, lakini ukilibana ncha kwa ncha katika kiganja hulivunji kwa urahisi, kwa sababu ganda zima lapokea nguvu pamoja.

Hekima hii ilitumika kwanza katika vyombo vingine. Mwaka 1912 Mfaransa Jules Védrines alishinda mashindano ya ndege ya Gordon Bennett huko Chicago katika Marekani, akirusha ndege ya Deperdussin ambayo mwili wake ulikuwa ganda la mbao nyembamba, zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1946 Waitalia walitoa pikipiki ya Vespa, ambayo watu wa Unguja na Dar es Salaam waijua sana. Haina fremu ya mabomba, bali bati lake lenyewe lililokunjwa ndilo libebalo mpanda. Mwaka ule ule Mwingereza Benjamin Bowden alionyesha London baisikeli ya ganda lililopindwa kwa uzuri, isiyo na bomba hata moja. Watu waliistaajabia, lakini haikutengenezwa kwa kuuzwa mpaka mwaka 1960 huko Marekani, kwa jina la Spacelander, na ganda lake likawa la nyuzi za kioo na gundi. Zikauzwa mamia machache tu, na kazi ikakoma.

Iliyoleta sifa kwa ganda moja ni baisikeli ya mashindano. Mwingereza Mike Burrows alifikiri kwamba fremu ya kipande kimoja, iliyobapwa kama bawa, itapasua upepo kuliko mabomba ya mviringo. Kampuni ya Lotus ikaitengeneza kwa nyuzi za kaboni, na katika michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 Chris Boardman aliipanda katika mbio za meta 4,000. Katika mbio za mwisho alimfikia mpinzani wake, Mjerumani Jens Lehmann, kabla ya mwendo kwisha, akapata nishani ya dhahabu. Walakini wakuu wa mchezo huo hawakutaka mashine ishinde badala ya mtu. Tangu mwaka 2000 sheria zao zataka fremu ya mashindano ya barabarani na ya uwanjani ifuate umbo la zamani la pembe tatu, na baisikeli nzima isipungue uzito wa kilo 6.8.

Fremu kama hizo hufanywaje? Nyuzi za kaboni ni nyembamba kuliko unywele. Hufumwa au kupangwa kuwa kama kitambaa, hulowekwa katika gundi, na vipande vyake hupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu. Ndani hutiwa kibofu kinachojazwa hewa ili kibane tabaka zishikane na kuta za kalibu, kisha vyote huokwa kwa moto mpaka gundi iwe ngumu. Fundi huweza kuelekeza nyuzi upande ule nguvu itakakopita, na kuzidisha tabaka pale zinapohitajiwa. Kitu hiki kikilinganishwa na chuma cha ukubwa ule ule, uzito wake ni kama sehemu moja ya tano. Ndiyo maana baisikeli ya pili ya mwalimu ni nyepesi hivyo, hali ile nyeusi yaweza kufika kilo 18 au 20.

Tusisahau pia kwamba kipande kimoja si lazima kiwe ganda. Katika miaka ya 1980 Mwingereza Frank Kirk alisubu fremu ya madini ya magnesi katika kalibu, ikatoka nzima kwa mara moja, lakini viungo vyake vilikuwa kama mihimili wala si ganda lililo wazi ndani. Tena fremu nyingi ziitwazo ganda moja si moja kweli. Sehemu ya mbele hufanywa kwa kalibu moja, na mikono ya nyuma hugundishwa baadaye. Rangi hufunika mambo mengi.

JARIBIO LA KARATASI

Sasa tupime maneno ya mwuzaji. Mwalimu na achukue karatasi nene, aikunje iwe bomba, na kuigundisha vizuri ukingo juu ya ukingo. Gundi ikikauka, mtoto na ashike ncha mbili ajaribu kuisokota kama mtu akamuaye nguo. Ataona kwamba yakataa. Ganda lashikana pande zote. Kisha mwalimu na achukue wembe, aichane kwa mstari mmoja tangu ncha hata ncha. Hakuondoa karatasi yo yote. Uzito ni ule ule, unene ni ule ule. Mtoto na aisokote tena. Sasa yasokoteka kama jani la mgomba.

Hilo ndilo fundisho la leo. Katika ganda, nguvu haikai mahali pamoja. Yazunguka mwili mzima bila kukatizwa. Ganda likiwa zima, lina nguvu kuliko uzito wake unavyoonyesha. Likipasuka, jeraha la mahali pamoja ni jeraha la wote. Mwuzaji asema kwamba kisicho na kiungo hakina mahali pa kukatika. Sisi twasema, kisicho na kiungo mahali pake pa kukatika ni popote kilipopigwa.

JINSI ZINAVYOKATIKA

Namna hizi mbili hazifi kifo kimoja, na hapa ndipo penye hatari.

Chuma hutoa habari kabla ya kukatika. Kikizidiwa, aghalabu hupinda kwanza. Kikichoka kwa mitikisiko ya miaka mingi, huanza na ufa mdogo karibu na kiungo. Ufa huo hupasua rangi, maji ya mvua huingia, na mstari mwembamba wa kutu huonekana. Mwenye macho huuona mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nao kama waliliona jambo hili.

Nyuzi za kaboni hazipindi zikabaki zimepinda. Jiwe likiipiga fremu, au baisikeli ikianguka juu ya ukingo wa daraja, nje yaweza kuonekana alama ndogo tu, kumbe ndani tabaka zimeachana. Mpanda aendelea siku nyingi bila kujua, kisha siku moja yavunjika ghafula. Tena ganda hili liliwekewa nguvu upande ule mfanyaji aliotarajia, yaani uzito wa mpanda na kusukuma kwake pedali. Halikufanywa kubanwa ubavuni. Mtu akilifunga karia kwa kibanio cha chuma na kukaza kwa spana, aweza kulivunja kwa mkono wake mwenyewe. Na mwalimu wetu ataka kuteka maji. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80. Huo ni uzito wa mtu wa pili, nao wote utashikwa na kile kibanio.

Je, ganda likivunjika laweza kutengenezwa? Ndiyo, wako mafundi wa kazi hiyo. Husaga sehemu iliyoharibika na kuweka tabaka mpya kwa gundi na joto. Lakini kazi hii yataka vitu na maarifa yasiyopatikana chini ya mwembe wa fundi wa kijijini. Moto wake wa kulehemu, uponyao chuma, huunguza gundi ya kaboni na kumaliza kazi. Hata fremu ya alumini, ingawa ni ya mabomba, yataka mchomeleaji mwenye mashine yake maalum.

KUZITAMBUA

Asiyetaka kudanganywa na afanye majaribio manne. Kwanza, atazame pembe za fremu: akiona ukingo wa soketi au kovu la kuchomelea, hiyo ni fremu ya mabomba. Pili, aweke sumaku. Yashika chuma, haishiki alumini wala kaboni. Tatu, agonge kwa ukucha. Kaboni hulia kwa sauti butu kama ya ubao, na chuma hulia kama kengele ndogo. Nne, atazame ndani ya bomba la kiti baada ya kutoa kiti. Rangi ya nje haifiki huko, na kitu chenyewe huonekana.

SHAURI LETU

Hatusemi kwamba fremu ya ganda ni mbaya. Haishiki kutu, ni nyepesi, na katika njia ya lami, kwa mpanda asiye na mzigo, karibu na fundi wake, ni chombo cha ajabu. Wala hatusemi kwamba kila fremu ya mabomba ni nzuri. Iliyoungwa na fundi mvivu, shaba isienee ndani ya kiungo, yaweza kuachana siku yo yote. Shauri letu ni kwamba mtu asiulize tu, "Ipi ina nguvu?" bali aulize pia, "Itakapovunjika, nani ataitengeneza, na wapi?"

Kwa hiyo mwalimu wetu na anunue ile nyeusi. Lakini kabla ya kutoa fedha, aigeuze juu chini mchana kweupe, afute vumbi kwa kitambaa, atazame kila kiungo, zaidi chini ya kichwa cha usukani na karibu na pedali. Akiona mstari wa kutu uzungukao bomba, au rangi mpya mahali pamoja tu, aiache. Akiisha kuinunua, afanye hivyo hivyo kila mwezi.

Na aliyekwisha kununua ya ganda asiitupe. Aitumie kwa mwili wake peke yake. Asiifunge karia kwa kibanio, asiipeleke kwa mchomeleaji, na kila ianguskapo au ipigwapo na jiwe, aigonge kwa sarafu pole pole pande zote. Mahali sauti igeukapo kuwa butu kuliko jirani yake, asipande tena mpaka mjuzi aitazame.

Twatumaini wazee wa miji nao watawasomea habari hii vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baisikeli, maana wao huchukua roho za watu nyuma ya viti vyao.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini vijiti vitatu vilivyofungwa havigeuki umbo, na vinne vyageuka?
2. Kwa nini shaba huyeyuka katika kiungo na chuma hakiyeyuki?
3. Bomba la karatasi lililochanwa halikupungua uzito. Limepungukiwa na nini?
4. Taja dalili moja ionyeshayo kwamba fremu ya chuma yaanza kupasuka.
5. Dau na mtumbwi: ni kipi kilicho mfano wa baisikeli ya nyumbani kwenu, nawe umejuaje?